Kabla ya sindano, sema: natumia warfarini

Ilikuwa Jumatano. Mgongo ulikuwa umenikamata tangu alfajiri, hata kuinama kuokota ufagio nikashindwa, nikaenda zahanati ya karibu na nyumbani. Hapakuwa na foleni. Mhudumu aliniuliza naumwa nini, nikamwambia mgongo. Akaandika kwenye daftari lake, akavuta dawa ya maumivu kwenye bomba la sindano, akaniambia nigeuke. Diklofenaki ya makalio, sindano ambayo sidhani kuna mtu mzima mtaani kwetu hajawahi kuchomwa. Hakuniuliza kama kuna dawa ninayotumia. Na mimi sikusema kwamba kila siku nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nililipa, nikashukuru, nikarudi kwa miguu.

Jioni nilipokaa kumenya viazi nilihisi kama nimekalia jiwe. Usiku pakavimba. Alhamisi asubuhi kalio la kulia lilikuwa gumu kama papai bichi, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na weusi wa damu iliyovilia umeshuka nyuma ya paja karibu na goti. Ijumaa nikiinuka kwenye mswala kichwa kilizunguka, nikajishika ukutani. Mume wangu hakungoja nimalize kubisha. Aliita bajaji, tukaenda hospitali.

Walinitoa damu wakapima. INR yangu, namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ilikuwa 6.8. Mimi natakiwa nibaki kati ya 2.5 na 3.5.

Daktari wa zamu alikuwa kijana. Alivuta kiti akakaa karibu na kitanda, akasema, "Dada, nitajie kila ulichomeza wiki mbili hizi. Hata cha dukani, hata cha kuchemsha." Nikaanza kuhesabu: warfarini, vidonge vya moyo, Panadol mara moja. Halafu nikakumbuka. Siku nane nyuma tumbo lilikuwa limechafuka, nikamtuma mtoto duka la dawa akaninunulie Flagyl, nikameza siku tano. Daktari aliweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kwamba Flagyl huzuia ini lisiivunje warfarini mwilini, kwa hiyo kidonge kile kile nilichozoea kikawa na nguvu kuliko ninavyohitaji. Damu ilikuwa tayari imeshindwa kuganda kabla sijafika zahanati. Sindano ikapasua mishipa midogo ndani ya nyama, na dawa iliyokuwa ndani ya sindano, diklofenaki, nayo ni ya aina inayozidisha kuvuja damu. Damu ikawa inachuruzika ndani kwa ndani siku mbili, mimi nikijikandia maji ya moto.

Nililazwa siku sita, nikaongezewa damu chupa moja. Warfarini ilisimamishwa kwa muda, wakanipa vitamini K kwa kipimo kidogo na kwa hofu, kwa sababu kwa mtu kama mimi kuna shimo pande zote mbili za njia: damu ikiachwa nyepesi navuja, ikirudishwa nzito ghafla valvu bandia iliyo moyoni mwangu inaganda.

Nimesimulia hilo kwanza kwa sababu watu wengi wanaotumia dawa hii niliokaa nao kwenye benchi la kliniki wana kisa chao kinachofanana na hiki. Mmoja ni jino, mwingine ni chale, mwingine ni dawa ya mafua. Chanzo karibu kila mara ni kwamba aliyetoa huduma hakuuliza na mgonjwa hakusema.

Mimi nilizaliwa Tanga. Nilipokuwa darasa la tatu nilikuwa nikiugua mafindofindo mara kwa mara, na nyumbani dawa yake ilikuwa kusukutua maji ya chumvi. Mwaka mmoja magoti yalivimba, uvimbe ukaacha goti ukaenda kifundo cha mguu, ukaacha kifundo ukaenda mkono. Wakasema ni baridi. Ilikuwa homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, nayo ikaondoka kwenye magoti ikabaki kwenye moyo. Nilikuja kujua nikiwa na miaka ishirini na sita, tayari nina mtoto mmoja, nikishindwa kupanda ngazi za ghorofa moja bila kukaa katikati. Valvu moja ya upande wa kushoto ilikuwa imekakamaa na kusinyaa. Mwaka 2016 nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, nikawekewa valvu bandia, ile tunayoiita ya chuma.

Kabla ya upasuaji niliulizwa swali ambalo nilikuwa sijajua kama lina uzito. Kuna valvu za wanyama, ambazo mara nyingi hazikufungi na warfarini maisha yote lakini huchakaa mapema, hasa kwa kijana, na utafunguliwa kifua tena. Kuna hii ya chuma, inadumu miaka mingi, lakini dawa ya kuzuia damu kuganda humezi kwa mwezi wala mwaka; utameza mpaka Mungu atakapokuchukua. Nilichagua ya chuma. Sijutii, ila natamani siku ile ningeambiwa kwa kina maana ya kuishi na dawa hii kila siku. Karatasi ya maelekezo nilipewa. Maisha hayaingii kwenye karatasi.

Valvu yangu inalia. Mchana huisikii kwa kelele za watu, lakini usiku, feni ikizimwa, nikilalia ubavu wa kushoto, inasikika tik, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyowekwa chini ya mto. Mwanangu mkubwa alipokuwa mdogo alikuwa akiweka sikio kifuani kwangu ili apate usingizi. Sauti hiyo mimi huisikiliza kila usiku, na mbele nitaeleza kwa nini.

Kwa nini valvu ya chuma inataka dawa? Damu yetu imeumbwa kuganda inapokutana na kitu kisicho cha mwili. Hapo ndipo bonge linapoanza: linaweza kuikwamisha valvu, au likachomoka likapanda kichwani, ukaamka mdomo umepinda na mkono hauinuki. Warfarini haifanyi damu kuwa nyepesi kama maji, ingawa ndivyo tunavyosema mtaani. Inachofanya ni kuzuia vitamini K isitumike kwenye ini kutengeneza vile vitu vinavyogandisha damu. Ndiyo maana haifanyi kazi siku unayoimeza. Vilivyokwisha kutengenezwa lazima viishe kwanza, na hilo huchukua siku kadhaa. Ukibadilishiwa kipimo leo, usitegemee kuona badiliko kesho.

Nilipotoka hospitali kuna ndugu alisoma mahali akaja mbio kwa mama: "Mtoto wenu anapewa sumu ya panya!" Mama hakulala. Nami sikulala. Nilipouliza kliniki nilitegemea wacheke, lakini nesi alinijibu kwa heshima kwamba ni kweli. Historia yake ndiyo hiyo. Miaka ya 1920 huko Kanada na kaskazini mwa Marekani ng'ombe walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kulishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alibeba debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda akalipeleka chuo kikuu, na timu ya mkemia Karl Paul Link ikafanya kazi miaka kadhaa mpaka ikakipata kilichokuwa kwenye yale majani. Warfarini ilitokana na kazi hiyo. Mwaka 1948 iliuzwa kwa kuulia panya, mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alitumia baada ya kupata shambulio la moyo. Nilimweleza mama yote hayo, nikamwambia panya anakula bila kupimwa, mimi napimwa. Hapo akaelewa, na baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha tarehe ya kwenda kupima.

Kupima ndiko kunakotenganisha dawa na sumu. Mtu asiyetumia dawa hii INR yake ni kama 1. Wengi wanaoitumia kwa sababu ya damu kuganda mguuni au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huwekwa kati ya 2 na 3. Sisi wenye valvu ya chuma upande wangu ule tunawekwa juu kidogo. Kwa hiyo usilinganishe kidonge chako na cha jirani. Nimekaa na mama mmoja anayemeza miligramu 2.5, na kijana mwembamba kuliko yeye anayemeza 10, na wote wawili namba zao zinasoma vizuri. Mwili wa kila mtu una hesabu yake.

Mimi nina daftari la kurasa ndefu, la kawaida la shule. Tarehe, INR, kipimo cha dawa, na safu ya nne naandika "kilichotokea". Safu hiyo sikufundishwa na mtu, niliianzisha baada ya ile sindano. Naandika: nimeharisha siku mbili, msiba Pangani, nimekula wali na maharage siku nne, nimepewa dawa ya fangasi. Namba ikipanda au ikishuka, mara nyingi sababu iko hapo, na daktari akiona safu ile haninyang'anyi kipimo changu kizuri kwa ajili ya jambo la kupita.

Sasa niseme habari ya mboga, kwa sababu hapa watu wanateswa bure.

Niliambiwa na mtu, siyo daktari, kwamba mtumiaji wa warfarini hali mboga za majani. Mimi ni mtu wa Tanga. Kisamvu cha nazi, matembele, mchicha, mnavu, mchunga, ndiyo chakula chenyewe hicho. Niliacha vyote kwa miezi minne. Nikala wali, ugali, samaki, viazi. Kipimo changu cha dawa kikapangwa kwa mwili usiokula majani. Halafu ikaja harusi ya binamu. Nilikaa siku tatu kwenye sinia la kisamvu nikila kama mtu aliyetoka kifungoni, kwa sababu nilikuwa na hamu na kwa sababu nilijiambia mara moja haidhuru. Wiki iliyofuata INR ilikuwa 1.6. Vitamini K yote ile ya majani ilikuwa imekwenda kusaidia damu kuganda, na mimi nina chuma kifuani.

Sista mmoja mtu mzima kule kliniki ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza, "Mwanangu, bila ugonjwa ungekula mboga kiasi gani?" Nikamwambia kila siku, bakuli dogo. Akasema, "Basi kula bakuli hilo hilo kila siku, na sisi tutapanga dawa ifuate chakula chako. Usiache, na usifululize." Maneno hayo yamenilinda miaka yote hii. Nina kibakuli cha plastiki cha kijani, ndicho kipimo changu. Leo mchicha, kesho matembele, lakini kibakuli ni kimoja. Nikienda msibani au harusini nikakosa mboga siku mbili, siendi kulipa deni siku ya tatu kwa kula masufuria. Unga wa majani ya mlonge, ambao siku hizi kila mtu anauza kama dawa ya kila kitu, siutumii, maana ni majani yaliyokaushwa na kusagwa, na kijiko chake kimoja kimebeba majani mengi.

Ramadhani ilinipa hofu mwaka wa kwanza, lakini haikuwa ngumu nilivyodhani. Kidonge ni kimoja kwa siku. Tangu mwanzo nilichagua kumeza baada ya swala ya Magharibi, kwa hiyo mwezi wa mfungo saa haibadiliki. Nafuturu kwa tende na maji, naswali, nameza. (Kumeza jioni kuna faida nyingine: ukipima asubuhi na majibu yakatoka mchana, wanaweza kukupigia simu wabadilishe kipimo cha siku hiyo hiyo.) Kinachobadilika Ramadhani ni sahani. Futari ni mihogo, magimbi, ndizi, uji, tambi, na mboga ya majani inasahaulika. Mimi naihamishia kwenye daku, na napima INR wiki ya pili ya mfungo hata kama tarehe yangu haijafika. Daktari wangu wa moyo huniambia kila mwaka kama naweza kufunga, sijiamulii.

Dawa nyingine ndizo hatari kubwa kuliko chakula, na kwetu dawa zinanunuliwa kama sukari. Flagyl nimeisema. Septrin nayo hupandisha INR sana, na dawa ya fangasi inayoitwa flukonazoli, na antibayotiki nyingi nyingine. Asprini, brufeni na diklofenaki ni mlango wa kuvuja damu tumboni, usizifungue mwenyewe; wapo wanaopewa asprini ndogo pamoja na warfarini, lakini hiyo ni amri ya daktari wa moyo. Kwa maumivu mimi hutumia Panadol, na hata hiyo nikiimeza kwa siku nyingi mfululizo nasema kliniki. Upande wa pili kuna dawa zinazoiangusha warfarini chini: rifampisini ya kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa. Nilikaa benchi moja na mama aliyeanza dawa za TB, kidonge chake cha warfarini kikapandishwa mara mbili na nusu ndipo namba ikasimama. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: hatari yake ya pili ilikuwa siku atakayomaliza dawa za TB, kwa sababu ile nguvu ya kushusha itaondoka na vidonge vingi vya warfarini vitabaki. Kwa hiyo semeni mnapoanza dawa, na semeni mnapoiacha.

Hata sindano ya penisilini, ile ya kila mwezi tunayochomwa sisi wa baridi yabisi ili ugonjwa usirudi, ni ya makalio. Mimi baada ya lile papai nilibadilishiwa vidonge vya penisilini asubuhi na jioni. Wengine wanaendelea na sindano kwa uangalifu, INR ikiwa mahali pake na pakiwa pamebanwa vizuri kwa pamba dakika kadhaa. Ni jambo la kuzungumza na daktari, na la kutoacha kimya kimya.

Kuna eneo gumu kuliko duka la dawa, nalo ni watu wanaokupenda. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akijua kuumika. Wakubwa wote wa ukoo walipigwa chuku naye, mgongo ukiuma, kichwa kikiuma. Aliponikuta nimekunja uso kwa maumivu ya bega alileta pembe zake na wembe mpya, amevaa khanga yake safi, amekuja kunihudumia. Ningemwambiaje? Nilimshika mkono nikauweka kifuani kwangu, nikamwambia, "Shangazi, sikiliza." Akasikia mlio. Nikamwambia chuma hiki kinanitaka nimeze dawa inayozuia damu kukatika, na ukinichanja hata kidogo haitakatika. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akafunga pembe zake kwenye kitambaa, akaniomba mafuta ya nazi, akanisugua bega kwa kiganja bila kukandamiza mpaka nikalala. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa akiwazuia wengine. Nimejifunza kwamba ndugu hawakatai. Wanataka kuelezwa kwa lugha wanayoiona na kuishika.

Mimba nitaisema bila kuficha, kwa sababu dada zetu wengi wenye valvu ni vijana. Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na wiki ya sita mpaka ya kumi na mbili ndipo inapoweza kuharibu mifupa na uso wake. Lakini kuiacha tu, bila kupewa mbadala, kunaweza kumuua mama. Kliniki waliniambia mapema: siku zikichelewa hata wiki moja, pima, kisha njoo siku hiyo hiyo. Mwaka 2020 zilichelewa. Nilipima nyumbani alfajiri, saa mbili nilikuwa kwenye basi la Dar. Walinihamishia kwenye sindano za heparini za chini ya ngozi ya tumbo, mara mbili kwa siku, sindano fupi ambazo hazifiki kwenye nyama. Nilijichoma mwenyewe wiki nyingi mpaka tumbo likawa na madoa kama chui. Miezi ya katikati nikarudishwa warfarini, karibu na kujifungua nikarudi sindano. Binti yangu yuko salama, na nilimnyonyesha nikiwa nameza warfarini, maana kwenye maziwa haipiti kiasi cha kumdhuru. Lakini nisidanganye mtu: ilikuwa miezi tisa ya kupima, kusafiri na kuogopa. Kama hujapanga kuzaa, tumia uzazi wa mpango, na daktari akuchagulie njia.

Kusahau kidonge kunatokea. Nikikumbuka kabla ya kulala nameza. Nikikumbuka kesho yake nimeshachelewa, naacha kile cha jana na nameza cha leo peke yake, naandika kwenye daftari. Sijumlishi viwili. Na rangi ya kidonge usiiamini. Mara moja nilipewa pakiti ya kampuni nyingine, rangi ile ile niliyoizoea, kumbe miligramu tofauti. Soma namba.

Nikijikata jikoni nikipara samaki, nabana kwa kitambaa dakika kumi bila kuchungulia. Hilo hunipunguzia hofu, kidonda kidogo hukatika. Ninachokiogopa ni kisichoonekana. Choo cheusi kama lami, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, hedhi inayojaza pedi kila saa, fizi zinazotoa damu zenyewe. Na kichwa. Mwaka juzi mlango wa kabati la jikoni uliniangukia utosini. Hapakuwa na kidonda wala uvimbe, nilikuwa nikiongea vizuri. Nilikwenda hospitali vivyo hivyo, nikasema natumia warfarini, nikapigwa picha ya kichwa. Ilikuwa safi. Kama kuna aliyepoteza fedha bure siku ile, si mimi.

Shemeji yangu anayefanya kazi Muscat alinitumia ujumbe kwamba rafiki yake anatumia rivaroksabani, kidonge kipya, hapimi INR wala hachagui mboga. Akataka kuninunulia cha miezi sita. Kwa huruma yake nilimshukuru, kisha nikamuuliza daktari kwanza. Dawa hizo ni nzuri kwa watu wengi, ila si kwa mwenye valvu ya chuma. Mwaka 2012 jaribio la dawa ya jamii hiyo, dabigatrani, kwa watu wenye valvu kama zetu lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu walioitumia walipata mabonge ya damu na kuvuja damu zaidi kuliko wale wa warfarini. Tukikutana na kidonge kipya, sisi tunauliza mara mbili.

Mwezi uliopita nilikuwa kliniki, nimekaa ukutani karibu na dirisha la maabara. Kijana mmoja wa miaka kama ishirini na mbili alikaa pembeni yangu, anahema kidogo, nikadhani amekimbilia foleni. Tukaamkiana, tukaonyeshana makovu ya kifuani kama tunavyofanya. Akaniambia kwa furaha, "Dada, mimi yangu imeshanizoea. Wiki mbili sasa hailii kabisa, nalala vizuri."

Nilimuuliza kama naweza kusikiliza. Akafungua vifungo viwili vya shati, nikainama na sikio langu. Nilisikia moyo unakimbia. Mlio wa valvu haukuwapo. Ndiyo sababu yangu naisikiliza kila usiku: ikinyamaza, huenda bonge la damu limeikwamisha.

Sikumweleza kitu pale. Nilimshika mkono tukapita foleni yote, watu wakapiga kelele, nikagonga mlango wa sista nikamwambia valvu ya huyu kijana imenyamaza. Sista alimtazama mara moja tu, akaita kiti cha magurudumu. Kijana alinipa begi lake nimshikie, akaniuliza, "Dada, kwani kuna nini?" nikamwambia aende, namsubiri hapa hapa.

Kadi yake ya kuandikia INR ilikuwa juu ya begi. Mstari wa mwisho uliojazwa ulikuwa wa miezi mitano nyuma. Alilazwa siku ile ile, na mimi nilipanda basi la Tanga la saa tisa baada ya mama yake kufika kutoka Mbagala na kuchukua begi mikononi mwangu.